Viti vya Kuazima

Aliyetaka kujua kama mji ule unakula au unashinda njaa hakuwa na haja ya kwenda sokoni kuulizia bei. Angemwendea Mama Chekeche kwenye mashine ya kusaga nafaka na kumuuliza hali ya sakafu. Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko la redio, maana sakafu ile aliijua kila shimo na kila ufa, na alikuwa akiifagia kwa mwaka wa nane sasa.

Banda lilikuwa la mabati, mashine mbili ndani, moja ya kukoboa na nyingine ya kusaga, na vumbi jeupe lililotua juu ya kila kitu kisichohama. Siku ya kwanza alipokuja kuomba kazi, mwenye mashine, ambaye watu wote walimwita Bosi, alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, kisha akamnyooshea ufagio. "Mshahara wako uko chini," alimwambia. "Inama uchukue." Wateja waliokuwa kwenye foleni walicheka, na yeye akacheka nao, kwa kuwa mtu anayeomba kazi hacheleweshi kicheko. Kisha akainama.

Bosi hakuwa anatania. Malipo ya mfagiaji yalikuwa kilichodondoka: unga uliopulizwa na mdomo wa mashine, punje zilizoruka kutoka kwenye kopo la kumiminia, pumba zilizorundikana pembeni. Mchana mashine zikizimwa, alikaa kwenye kizingiti na vyombo vyake. Chekeche la kwanza, lenye matundu makubwa, lilitoa nyuzi za magunia na vijiti. La pili lilitoa mchanga mkubwa. Mara ya tatu alipitisha kwenye kitambaa chepesi cha pazia, akitikisa taratibu mpaka mabega yote yawe meupe. Kilichopita kwenye kitambaa kilikwenda nyumbani. Kilichobaki aliwauzia wafuga kuku. Ndivyo alivyopata jina, na jina lake la kuzaliwa likapotea hivi hivi, hata Bosi asingeweza kukwambia.

Katika miaka mizuri ilikuwa kazi ya maana. Mwezi wa mavuno watu walikuja na magunia, wakapiga soga, wakamwaga unga bila kuangalia chini. Alirudi nyumbani na furushi la kumpa maumivu ya shingo. Lakini mvua zilipokosekana msimu mmoja, na zikakosekana tena msimu uliofuata, sakafu ndiyo iliyoona kwanza. Wenye magunia walianza kuja na ndoo. Wenye ndoo wakaja na mifuko ya nailoni. Waliusukutua mdomo wa mashine kwa mkono, wakaugonga kwa ngumi, wakachungulia ndani kuhakikisha haujawabania chochote. Siku moja mama mmoja wa heshima zake, mwenye mkoba wa begani na nywele zilizotengenezwa, alimsogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Dada, niazime ufagio mara moja. Nimemwaga kidogo pale."

Mama Chekeche alimpa. Angefanyaje? Unga ulikuwa wa yule mama. Alisimama pembeni akamwangalia akifagia, na jinsi alivyofagia vizuri, hakuacha hata alama. Jioni ile alirudi nyumbani na konzi moja tu ya unga, na nusu yake ilikuwa mchanga.

Nyumbani kulikuwa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita vilivyopangana, mlango mmoja mmoja, bomba moja la maji, uwanja mmoja wa nyuma. Ndani ya chumba hicho walikaa wanne. Binti yake wa kwanza, mwenye miaka kumi na miwili, aliyeitwa Dada na kila mtu kwa sababu mdogo wake alimwita hivyo. Huyo mdogo, Kitinda, mwenye miaka minne, nywele zake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya kutu, na alikuwa na tabia ya kulamba chekeche la mama yake likiletwa ndani. Na mama mkwe, mama wa mume.

Mume mwenyewe aliondoka miaka mitatu nyuma kwenda kutafuta. Mwanzoni alituma chochote. Baadaye alituma salamu. Kisha hata salamu zikaisha, na hakukuwa na mtu wa kuuliza. Watu walitarajia kwamba bibi kizee naye angefunga virago arudi kwao, lakini alikataa katakata. "Mwanangu aliniacha hapa," alisema. "Akirudi atanikuta hapa." Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, miguu inamuuma, lakini mgongo alikuwa ameunyoosha tangu ujana na hakuona sababu ya kuukunja sasa. Zamani alikuwa na nyumba yake, uwanja mpana, na mgeni hakutoka pale na tumbo tupu. Alikuwa ameshapoteza nyumba, uwanja na chakula. Mgeni ndiye pekee aliyebaki naye, na huyo hakuwa tayari kumwachia.

Basi siku moja mjumbe wa mtaa alipita uani, akapiga makofi watu watoke. "Sikilizeni jamani," alisema. "Kesho kutwa watakuja wageni kutoka ofisini, nyumba kwa nyumba, kuandika kaya. Watakaochaguliwa watapewa mahindi kila mwezi mpaka mavuno."

Mama Chekeche alisikia mahindi. Mama mkwe alisikia wageni.

"Watakaa wapi?" bibi aliuliza mara tu mjumbe alipogeuka.

Lilikuwa swali la haki. Chumbani kulikuwa na kitanda, mkeka, na kigoda cha miguu mitatu ambacho mguu wa tatu ulikuwa jiwe.

"Mama, hawa wanakuja kuona shida."

"Shida wataiona," alisema bibi. "Lakini wataiona wamekaa. Mtu katoka ofisini na viatu vyake, nimkalishe juu ya jiwe? Mwanangu akisikia?"

Mama Chekeche alijua vita gani vinapiganika na vipi havipiganiki. Isitoshe, na hapa tusimwonee bibi peke yake, moyoni naye aliona haya. Kumkaribisha mtu ndani na kukosa pa kumweka, hilo hata yeye lilimkera. Akapiga moyo konde, akaenda kubisha mlango wa pili.

Mlango wa pili alikaa fundi cherehani asiyekuwa na cherehani. Aliiuza miezi miwili nyuma mkewe alipojifungua kwa taabu, na tangu hapo alikuwa fundi wa jina. Alibakiwa na vitu vya enzi zake nzuri: viti vinne vyenye mito aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha maua, meza fupi, redio, na chupa ya chai iliyochorwa ndege.

"Jirani, niazime kiti kimoja," alisema Mama Chekeche. "Kesho kutwa tu, mgeni akiondoka nakurudishia."

"Kimoja?" fundi alisema. "Kwani wewe una mgeni mmoja? Chukua vyote vinne."

"Vyote vya nini?"

"Chukua, chukua. Na meza. Ataweka wapi kikombe, magotini? Na chupa ya chai hii hapa. Na redio."

"Redio ya nini, fundi?"

"Nyumba ichangamke! Jirani ni wa nini kama si siku kama hii?"

Alivibeba mwenyewe kimoja kimoja, akipiga mluzi, akavipanga chumbani mwa jirani mpaka pakakosa pa kukanyaga. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mchanga begani. Hakusema neno, alitazama chini tu. Mtoto naye hakulia. Hakuwa mtoto wa kulia sana. Mama Chekeche alishukuru, akashukuru tena, mpaka mwenyewe akasikia amezidisha.

Mgeni alikuja saa nne asubuhi. Alikuwa msichana mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi, kitambulisho shingoni, na simu pana kama sahani. Alimwamkia bibi kwa heshima zote, na bibi, aliyekuwa amevaa nguo yake nzuri iliyotunzwa kwa ajili ya misiba, aliitikia kwa sauti iliyojaa chumba.

"Karibu mwanangu, kaa. Chagua kiti."

Msichana alikaa. Dada akamimina chai kama alivyofundishwa. Ilikuwa na sukari yote iliyobaki, ile iliyofichwa kwa uji wa Kitinda, na Kitinda alikuwa amesimama nyuma ya kitanda akiifuata kwa macho.

"Bibi, asante sana, ila haturuhusiwi kula wala kunywa kwenye nyumba za watu."

"Umekataa chai yangu?" aliuliza bibi. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyesukumwa kifuani.

Msichana alikunywa. Akaongezewa, akanywa tena. Baada ya hapo akaiwasha simu yake.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mimi," alisema bibi.

Kwa hiyo maswali yote yakaelekezwa kwake, na Mama Chekeche akabaki kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani.

"Jana mlikula mara ngapi?"

"Tulikula."

"Mara ngapi, bibi?"

"Mwanangu, watu wanahesabu? Tulikula, tukamshukuru Mungu."

"Niandike mara tatu?"

"Andika unavyoona inafaa."

Msichana alibonyeza. Jana yake walikunywa uji mara moja, mwepesi kiasi kwamba ungeweza kujitazama ndani yake, na Mama Chekeche hakunywa.

"Ndani ya siku saba zilizopita, kuna siku mtu mzima alikosa kula ili watoto wapate?"

Swali lile lilimgusa Mama Chekeche mwilini, kana kwamba mtu amemshika bega. Hakujua kama kuna ofisi duniani inayojua kitu kama hicho mpaka ikakiandikia swali. Alimtazama mkwewe. Alijua kabisa kwamba bibi anajua. Chumba kile hakikuwa na pembe ya kuficha sahani tupu.

"Katika nyumba yangu?" alisema bibi. "Hapana."

Mdomo wa Mama Chekeche ulifunguka. Ukafungwa. Wewe unayesoma umeshasema lako, najua: angesema! Neno moja tu! Lakini neno hilo lilikuwa "mama anadanganya", na lilitakiwa kusemwa mbele ya mgeni na mbele ya wajukuu, kwa mwanamke aliyekuwa amekaa na mgongo ulionyooka ndani ya nguo yake ya misiba. Alilelewa asiwahi kumkatisha mama wa mumewe hata kwenye habari za hali ya hewa.

"Viti hivi ni vyenu, bibi?"

"Wewe umevikuta kwa nani?"

"Na redio?"

"Ikiwekwa betri inaimba vizuri sana."

Msichana alibonyeza, akabonyeza, akashukuru kwa chai. Bibi alimsindikiza hadi mlangoni akipapasa ukuta, akarudi amechangamka, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miezi. "Mtoto kalelewa yule," alisema.

Mama Chekeche alitoka mbio akamfikia mgeni penye bomba.

"Dada yangu, samahani. Mama yule ni mtu mzima, anaona haya. Sisi hatuli. Sisi hatuna kitu."

Msichana alimtazama kwa huruma ya kweli. Hilo lazima tulikubali. "Mama, mbona hukusema pale pale? Nikishatuma majibu hayarudi. Yanakwenda moja kwa moja." Akafikiri kidogo. "Orodha ikitoka na hamumo, nendeni ofisini. Kuna siku ya malalamiko. Waeleze."

Kisha akabisha mlango wa fundi. Mlango ulipofunguliwa, Mama Chekeche aliona chumba kitupu, na fundi na mkewe wamekaa kwenye mkeka, mgeni akikaribishwa chini. Aibu ilimshika. Masikini ya Mungu, alijisemea, mtu wa watu amemkalisha mgeni sakafuni kwa ajili yangu. Jioni ile alivirudisha viti vyote, vimefutwa vumbi mpaka kwenye miguu.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi baada ya wiki tano. Wiki tano hizo sisimulii sana. Uji ulizidi kuwa mwepesi, Dada alianza kulala darasani, na mwalimu akamrudisha nyumbani na barua ya kulalamika kuhusu nidhamu. Mama Chekeche alikwenda na Dada ili amsomee. Dada alipitisha kidole juu hadi chini, akarudia chini hadi juu. Fundi alikuwemo. Mzee wa chumba cha mwisho alikuwemo. Wao hawakuwemo.

Fundi alianza kutoka asubuhi na mapema na kurudi amejifunika kofia. Wakikutana uani alikuwa na haraka. Mama Chekeche alidhani mtu yule anamwonea haya kwa kupata wakati yeye amekosa, akamhurumia kwa hilo.

Siku ya malalamiko aliacha ufagio kwa ruhusa ya Bosi, ambaye alisema tu, "Nenda, hata hivyo hakuna cha kufagia." Alifika mapema, akakuta watu wameshajaa benchi na ukuta mzima. Zamu yake ilifika mchana. Karani alikuwa mtu wa makamo, shati limelowa mgongoni, mezani chai iliyopoa na panga boi iliyokufa juu ya kichwa chake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikiliza shida tangu asubuhi na masikio yake yalikuwa yameshiba.

Alimtafuta kwenye kompyuta, akasoma kwa sauti, bila kufikiri kwamba foleni nzima inasikia.

"Viti vinne vyenye mito. Meza moja. Redio moja. Chupa ya chai moja. Chakula mara tatu kwa siku." Akainua macho. "Mama, wewe unanizidi mimi. Mimi nyumbani nina viti viwili."

Foleni ilicheka. Mama Chekeche alicheka nao, mazoea ni kitu kibaya.

"Si vyangu, baba. Ni vya kuazima. Mgeni alikuwa anakuja na hatukuwa na pa kumkalisha."

Karani aliacha kucheka. Alisogeza kiti mbele na kupunguza sauti, na kwa mara ya kwanza alionekana ameamka.

"Uliazima kwa nani?"

"Kwa jirani."

"Jirani nani? Nisikilize vizuri. Nafasi za mtaa wenu zimejaa, na sina uwezo wa kuongeza hata moja. Lakini kama viti hivi vina mwenyewe, basi kuna nyumba iliyoandikwa haina kiti, na kumbe inavyo. Huyo ametudanganya, tunamtoa. Akitoka mmoja anaingia mmoja, na wewe umekuja kulalamika, nakuweka wewe. Leo leo, kabla hujatoka hapa. Nitajie jina tu."

Ndipo alipoiona yote, mwanzo hadi mwisho. Chukua, chukua. Na meza. Na redio, nyumba ichangamke. Yule mtu hakumwazima viti. Alikuwa anatafuta pa kuvificha, na yeye akaja mwenyewe, akabisha, akashukuru mpaka akazidisha. Hasira ilimpanda hadi machoni. Alikumbuka ule mluzi. Alitaka kulisema jina la fundi kwa nguvu, lisikike mpaka barabarani, na kama angelisema sekunde ile, hadithi hii ingekuwa nyingine.

Lakini karani aligeuka kuchukua kalamu, na katika kungoja kule akamwona moyoni mke wa fundi, vile alivyosimama mlangoni siku ya viti, akitazama chini. Yule mwanamke alijua. Alijua na hakusema, kwa sababu aliyekuwa anasema mbele yake alikuwa mumewe. Mama Chekeche alikifahamu kimya cha namna ile. Akamwona mtoto begani, asiyelia, na akajua kwa nini halii, maana Kitinda naye siku hizi hakuwa analia. Mahindi ya fundi yalikuwa yameshaanza kuliwa. Kumtoa kulimaanisha kumwendea mwanamke yule na kumnyang'anya maziwa kabla hayajatoka.

Na Kitinda? Kitinda naye alikuwa nyumbani, nywele za kutu. Alikuwa anamwona vilevile, wazi kabisa. Alikuwa anawaona wote wawili, na jina lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, na popote ambapo lingedondoka kulikuwa na mtoto chini yake.

"Mama," alisema karani, "watu wanasubiri."

"Ni vyangu," alisema.

"Nini vyako?"

"Viti. Ni vyangu vyote vinne."

"Umesema vya kuazima sasa hivi."

"Nilidanganya. Nilifikiri nikisema hivyo mtaniandika."

Wapo watakaosema alikuwa mjinga. Mimi mwenyewe niliposimuliwa nilisema hivyo, nikagonga na meza, na mpaka leo sijaamua kama nilikuwa na haki. Karani alimtazama kwa muda, usoni pamejaa kuchoka. Akaandika, akagonga muhuri.

"Watu kama nyinyi ndio mnaowaharibia wenye shida," alisema.

Wanawake wa kwenye benchi walisonya. Mmoja alisogeza miguu yake ndani ili Mama Chekeche asimguse akipita.

Alifika nyumbani alasiri. Dada alikuwa amekwisha koroga uji, kwa unga wa juzi, ule wa mwisho. Bibi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amesikia hatua zake tangu uani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tunajiweza, mama."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Aliinyoosha nguo yake magotini, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa na kitu kama fahari. "Si nilikwambia tulimpokea vizuri," alisema. Mikono yake iliendelea kuinyoosha ile nguo, ingawa haikuwa na mkunjo. "Na mahindi?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Macho ya bibi yenye ukungu yaligeukia upande wa mlango, yakakaa huko muda mrefu, na Mama Chekeche aliona kidevu chake kinatetemeka, akageuka ili bibi asijue kwamba ameonekana. Alitamani kumshika mkono. Alitamani pia kumpigia kelele. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Dada aligawa uji kwenye bakuli nne, akipunguza hapa na kuongeza pale mpaka zikalingana, akaziweka kwenye mkeka. Wakakaa.

Bibi aliisukuma bakuli yake mbele ya Kitinda. "Mimi nimeshiba," alisema.

Mama Chekeche naye alisukuma yake. Hiyo ilikuwa kawaida, alikuwa akifanya hivyo tangu mvua zilipokosekana mara ya pili, na hakuna aliyekuwa akiuliza.

Dada aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akanyoosha mgongo, akasukuma bakuli yake kwa vidole viwili.

"Wewe kula," alisema mama yake.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Umekula wapi? Kula!" Alipiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kupiga kelele ndani ya chumba kile, na kelele ile ikapita ukutani hadi chumba cha pili.

"Nimeshiba kweli," alisema Dada, kwa upole, kwa sauti ileile ya bibi yake siku ya mgeni.

Kitinda alikuwa na bakuli nne mbele yake na kijiko mkononi. Alimtazama bibi, akamtazama mama, akamtazama dada yake. Midomo yake ilikuwa imeshapanuka kupokea kijiko cha kwanza. Akakirudisha polepole ndani ya bakuli.

"Na mimi nimeshiba," alisema.